Tumbo Likisokotwa na Vidonge vya Chuma

Mgonjwa mwenye upungufu wa damu hupewa vidonge vya madini ya chuma, ameze kimoja kutwa mara tatu. Baada ya wiki hurudi akilalamika kwamba tumbo lamsokota na choo ni kigumu. Huandikiwa hayosini, dawa ya kutuliza msokoto ambayo wengi waijua kwa jina la Buscopan, kisha huambiwa aendelee. Naona desturi hii yafaa iachwe.

Hayosini hulegeza misuli ya utumbo, na faida yake ndiyo hiyo. Lakini utumbo uliolegea husukuma choo polepole, na chuma chenyewe hufunga choo. Basi twamzidishia mgonjwa lile lile alilokuja kulishtakia. Hatimaye vidonge hubaki kabatini, damu haipandi, nasi twamwita mkaidi.

Jawabu limo katika dozi. Ini hutengeneza homoni iitwayo hepsidini, inayozuia chuma kupita kutoka utumboni kuingia katika damu. Mtu akimeza dozi kubwa, hepsidini hupanda kwa muda wa takriban siku nzima, na dozi inayofuata upesi hufyonzwa kwa uchache. Kisichofyonzwa hubaki na kulikera tumbo. Mwaka 2017 watafiti wa Zurich, Uswisi, walichapisha jaribio kwa wanawake wenye akiba haba ya chuma. Waliomeza miligramu 60 kila siku walifyonza kama asilimia 16 ya chuma hicho. Waliomeza siku moja na kuruka moja, kama asilimia 22. Ni kweli kwamba hawa wa pili walichukua muda maradufu kumaliza vidonge vyao, na jaribio lenyewe lilikuwa dogo. Hata hivyo, kwa mgonjwa ambaye tumbo lake limekataa, kidonge kimoja kila baada ya siku moja ni bora kuliko vitatu vilivyotupwa.

Mjamzito asibadili ratiba yake pasipo kauli ya kliniki, kwani mahitaji yake ni makubwa zaidi. Nawe mgonjwa mwingine, usiache dawa kimyakimya, rudi useme. (Choo kuwa cheusi kwa sababu ya chuma ni kawaida, kikiwa laini na cha kunata kama lami, njoo siku hiyo hiyo.)

Ikiwa maumivu yalikuwapo kabla ya kidonge cha kwanza, hilo ni jambo jingine. Huenda vidonda vya tumbo au minyoo ya safura ndiyo inayomaliza damu, na hayosini itauficha ushahidi. Hapo choo kipimwe kwanza.