Picha Haikatwi kwa Kipimo cha Fremu

Imeingia desturi moja katika nyumba na maduka yetu, na kwa kuwa hakuna aliyeikemea, sasa imejiona kuwa ni sheria. Mtu hununua fremu kwanza, iliyokwisha tengenezwa, ama kwa urahisi wa bei ama kwa kupendezwa na nakshi zake za rangi ya dhahabu. Ndipo huitafutia picha. Picha ikizidi, hushikwa mkasi. Ikienea, hugandishwa kwa gundi juu ya ubao, kioo kikailalia uso mzima, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Huo si utiaji fremu. Ni uharibifu uliopakwa dhahabu.

Kilichofukuzwa katika desturi hiyo ni kitu kimoja: ile kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, ambayo huwekwa baina ya picha na kioo ili picha ipate nafasi ya kupumua. Mimi naiita pambizo, kwani kazi yake ni ileile ya pambizo la kitabu. Wapo wanaosema kwamba pambizo ni anasa ya Kizungu, kadi tupu inayolipiwa bure. Wenye kusema hivyo hawajayatazama yaliyomo majumbani mwao wenyewe. Kanga ni nini, kama si picha ya chapa iliyokuja na fremu yake? Ina pindo, ina mji na ina jina. Ondoa pindo, mji unabaki kitambaa. Ondoa jina, kanga imekuwa bubu. Hakuna mama wa Unguja, Pemba au Lamu atakayekubali pindo likatwe ili kanga ienee sandukuni. Hali kadhalika misahafu na vitabu vya wanazuoni wetu: hashiya iliachwa pana kwa makusudi, na elimu nyingi imehifadhiwa humo pembeni. Basi tusiambiwe kwamba ukingo ni jambo la kigeni. La kigeni ni huu mkasi.

Tena ukingo wa picha hauko mtupu. Katika chapa nyingi za wasanii wa zama hizi, chini ya picha huandikwa kwa penseli namba ya nakala na saini. 12/50 maana yake ni nakala ya kumi na mbili kati ya hamsini. Fundi anayekata sehemu hiyo kwa kuiona chafu amekata cheti cha kuzaliwa cha picha. Picha za studio za Unguja za mwishoni mwa karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes, zilibandikwa juu ya kadi zenye jina la studio. Ukiitupa kadi, umebaki na uso usiojulikana umepigwa na nani wala wapi.

Tuchukue mfano unaojulikana dunia nzima. Chapa ya wimbi kubwa ya Hokusai, Mjapani, iliyotolewa mnamo 1831, ina upana wa sentimita 37 hivi na urefu wa 25. Jina la mfululizo wake, Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji, pamoja na saini ya msanii, yamo juu, upande wa kushoto, ndani ya picha yenyewe. Sasa mtu ana nakala yake ya ukubwa uleule, naye amenunua fremu ya inchi 8 kwa 10, ambayo ni kama sentimita 20 kwa 25. Hata nakala hiyo ikipunguzwa kwa mashine, bado maumbo mawili hayalingani: lile refu litapoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya upana wake. Ikikatwa kushoto, jina na saini viko hatarini. Ikikatwa kulia, mashua inakwenda. Wahenga walisema, kata pua uunge wajihi. Hapa pua imekatwa, na wajihi haukuungika.

Wala nisidhaniwe kuwa nawasema mafundi wetu peke yao. Mwaka 1715, wakubwa wa Amsterdam waliuhamishia mchoro mkubwa wa Rembrandt wa mwaka 1642, ule wa walinzi wa usiku, katika jumba la mji. Ukuta ulikuwa mdogo, basi wakaukata mchoro pande zote nne, na upande wa kushoto wakawakata hata watu waliochorwa. Vipande vile havikuonekana tena. Mwaka 2021 jumba la makumbusho la huko lilitumia kompyuta kubuni upya sehemu zilizopotea, kwa kutazamia nakala ndogo iliyochorwa na Gerrit Lundens katika karne ileile ya 17. Miaka mia tatu ya majuto, kwa sababu ya kipimo cha ukuta!

Mpinzani wangu atanitajia Whistler, Mmarekani aliyeishi London, ambaye aliyakata mwenyewe mapambizo ya chapa zake za Venice hadi kwenye mstari wa bamba la shaba. Ni kweli. Lakini aliyekata ni mwenye kazi, na aliacha ulimi mdogo wa karatasi wa kutilia alama yake ya kipepeo. Mshairi ana haki ya kufuta ubeti wake. Mfasiri hana haki hiyo, na mtia fremu ni mfasiri: kazi yake ni kuifikisha kazi ya mwingine ikiwa nzima.

Iko na sababu ya hali ya hewa, nayo haina mjadala. Visiwa vyetu vina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika karatasi huvimba. Karatasi iliyogusana na kioo hushika ukungu, na picha ya kamera huganda kabisa, hata kuibandua ni kuichana. Pambizo huitenga picha na kioo. Lakini lisiwe la kadi ya kawaida yenye asidi, ambayo baada ya miaka huacha mstari wa kahawia kuzunguka dirisha. Liwe la pamba au la kadi isiyo na asidi. Na picha isigandishwe kwa gundi. Ining'inizwe kwa vipande viwili vya karatasi nyepesi, upande wa juu tu, kwa uji wa wanga wa ngano, ambao hutoka kwa maji.

Ama vipimo, hesabu yake haimshindi mtu. Tuseme karatasi ni sentimita 30 kwa 40, na mchoro ndani yake ni 22 kwa 30. Acha sentimita 1 juu na ubavuni, na 2 chini ili saini ionekane: dirisha litakuwa 24 kwa 33. Weka pambizo la sentimita 7 juu na ubavuni, na 8.5 chini, kwani jicho huiona picha iliyowekwa katikati kabisa kana kwamba inaporomoka. Kadi nzima ni 38 kwa 48.5. Hicho ndicho kipimo cha fremu, pamoja na milimita 2 au 3 za kuiachia kadi itanuke. Picha ndiyo iliyoanza kusema, fremu imejibu.

Wataniambia kwamba hayo ni ya wenye fedha. Sivyo. Fremu nyembamba ya mti usio na nakshi, yenye pambizo pana ndani yake, mara nyingi haiishindi kwa bei ile ya dhahabu ya uwongo. Na asiye na uwezo leo na aiweke picha yake bapa ndani ya karatasi safi, mahali pakavu, asubiri. Picha inayosubiri haijapoteza kitu. Iliyokatwa haina wa kuirudisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kwa fundi, nenda na picha mkononi na rula mfukoni. Akishika mkasi, ichukue picha yako uondoke.