"Nitapita baadaye" si uongo

Mwandishi umegusa penyewe, ila unaposema "nitapita baadaye" ni uongo wa adabu, hapo sikubaliani nawe. Pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, mteja akimwambia muuza ndizi "nitapita baadaye, mama," wote wawili wanajua biashara imeishia hapo. Nani kadanganywa? Shida huja watu wasipojuana. Mimi ni bwana shamba, nilikuwa Rungwe, sasa niko Kilolo, mkoani Iringa. Kwenye mkutano wa wakulima wa viazi ukiuliza "Mmeelewa?" wanaitikia kwa sauti moja "Ndiyo, bwana shamba," maana kusema hapana ni kumwaibisha mgeni mbele za watu. Siku hizi siulizi hivyo. Namwomba mzee mmoja, "Baba, hebu tuonyeshe mbolea utaiweka wapi," na maswali yanaanza yenyewe. Na wewe mchangiaji hapo juu unayedai watu wa Iringa ni wagumu kuongea: ulisalimia kwanza ukauliza na habari za nyumbani, au ulirukia shida yako? Huku salamu haiharakishwi, hata kama una basi la kuwahi.