Chemirocha ni Mtoto wa Nani?

Wako walimu na wahakiki wafundishao kwamba mhusika huzaliwa katika wino. Mwandishi, wasema, ndiye baba. Mwimbaji, mwigizaji na mchezesha vikaragosi ni walezi tu, waliopewa mtoto wa watu wambebe kwa muda kisha wamrudishe kitabuni bila ya mchubuko. Nakuomba, msomaji, usiyakubali maneno haya kabla hujafika Kapkatet.

Kapkatet ni mji mdogo katika nchi ya majani chai, kwenye njia itokayo Kericho kwenda Sotik na Bomet. Mwaka 1950 alifika huko Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasia sauti. Miongoni mwa nyimbo za Wakipsigis alizozinasa zilikuwamo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Mbili ziliimbwa na wanaume, kila mmoja kwa namna yake, kwa ala ya nyuzi iitwayo chepkong. Ya tatu iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, na hiyo ndiyo iliyozunguka dunia.

Chemirocha alikuwa nani? Asili yake ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyepata kufanya kazi ya reli, akaanza kuimba katika sahani mwaka 1927, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hakupata kukanyaga Afrika. Iliyofika ni sauti yake, imefungwa katika sahani za gramafoni. Jina lake nalo, lilipoingia katika vinywa vya watu ambao binti zao huitwa Chebet na Chepkoech, lilivuliwa koti la Kizungu likavikwa vazi la nyumbani. Hapana kalamu iliyofanya kazi hiyo. Ilifanywa na ndimi.

Tracey aliandika maelezo ya wimbo ule. Alisema kuwa wasichana wamemgeuza mwimbaji huyo wa ajabu kuwa nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya paa, nao humhimiza aruke katika ngoma kwa nguvu hata achomoke katika nguo zake. Akamfananisha na Pan, mungu wa Wayunani wa kale. Ni maelezo mafupi, na mwenye kuyaandika alipenda muziki kwa moyo wake wote, simvunjii heshima. Lakini tazama yaliyofuata. Wasomaji wa mbali wakaacha kuusikiliza wimbo, wakayashika maelezo. Hadithi ikasimuliwa, na kusimuliwa tena, ya watu wa milimani waliomwabudu mwimbaji wa gramafoni.

Je, wewe hukupata kuhudhuria ngoma? Hukusikia mchezaji akitaniwa aruke zaidi, aruke hata mshipi umkatike? Aliyesimama uwanjani huona tabasamu la mwimbaji, naye hujua lipi ni sala na lipi ni mzaha. Karatasi haina tabasamu. Mzaha wa wasichana uliandikwa kwa wino, ukakauka, ukaitwa dini.

Wala hapakuwa na haja ya kwenda Uyunani kumtafutia Chemirocha jamaa. Wanandi na Wakipsigis, ambao ni ndugu kwa lugha, wana zimwi lao, chemosit. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi cha mwaka 1909, alilieleza kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja. Yatamke majina hayo mawili kwa sauti, Chemosit na Chemirocha, uone yanavyokaribiana sikioni. Msichana aliyekua akisikia habari za zimwi jikoni kwa bibi yake hakukosa mali ya kumtengenezea mgeni miguu ya mnyama.

Nitaambiwa kwamba bila ya Tracey wimbo ungalipotea. Nakubali. Ila kilichouokoa ni mashine, na mashine ilihifadhi koo za waimbaji, si maelezo ya mwandishi. Tena katika ziara moja mashine hiyo ilikuta Chemirocha watatu. Kalamu ikamfanya mmoja kuwa mashuhuri, wawili wakaachwa kwa wataalamu. Hiyo ndiyo tabia ya wino. Huchagua, kisha hujisahau kuwa umechagua.

Hata jukwaani mambo ni hayo. Kenya nzima ilimjua Mzee Ojwang wa mchezo wa Vitimbi katika televisheni. Benson Wanjau, aliyemwigiza na kufariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini alimpa mzee huyo lafudhi ya Kijaluo hata watu wakaapa kuwa ni mtu wa ziwani. Andika maneno yote ya Ojwang katika daftari, umpe mwigizaji mwingine ayasome. Utapata maneno, Ojwang hutampata.

Sahani za Tracey zilikaa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 ilipita tangu siku ile ya Kapkatet ndipo watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walipozirudisha sauti kwa Wakipsigis, wakakuta baadhi ya wazee walioshiriki bado wako hai. Muda wote huo mgeni aliyekuwa na sahani aliweza kumsikia Chemirocha nyumbani kwake, na waliomuumba hawakuweza.

Nataka basi jambo moja dogo. Mwalimu atakapokuuliza ni nani aliyemuumba Chemirocha, usimtaje Rodgers wala Tracey. Mtaje Chemutoi Ketienya. Kisha muulize mwalimu majina ya wale wenzake, maana katika maelezo ya sahani waimbaji hao wote wamepewa neno moja tu: wasichana.