Mkopeshaji Mkatoliki na Cherehani ya Mjane

Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo kwa njia ya simu zilizokuwa zikiendesha shughuli bila leseni. Wengi waliipokea habari hiyo kama jambo la matapeli wa mitandaoni. Lakini mikopo ambayo wananchi wameipa jina la “kausha damu” haitoki kwenye simu peke yake. Hutolewa pia katika ofisi ndogo zilizo jirani na makanisa yetu, na miongoni mwa wenye ofisi hizo wamo waamini wenzetu. Wamebatizwa, wamefunga ndoa takatifu, na majina yao husomwa kila yanapotangazwa matoleo ya ujenzi.

Tuchukue mfano. Mama lishe anakopa shilingi 100,000, anatakiwa kurejesha 130,000 baada ya siku 30. Mwezi unakwisha, ana 30,000 tu mkononi. Anailipa, na deni linasogezwa mbele kwa masharti yaleyale. Akiendelea hivyo mwaka mzima atakuwa amelipa 360,000, na ile laki moja bado anadaiwa. Kwa kulinganisha, ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa taasisi ndogo za fedha zenye leseni, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa deni hilohilo ni shilingi 42,000 kwa mwaka. Hata hiyo si riba ndogo, lakini mtu anaweza kuilipa akabaki na biashara yake.

Akishindwa kulipa, vitu huchukuliwa: jiko la gesi, meza na viti vya mgahawa, cherehani. Torati ililiona jambo hili mapema na kulitungia katazo mahususi: asitwae mtu jiwe la kusagia la jirani yake kuwa rehani, kwa sababu anayefanya hivyo anatwaa uhai wenyewe (Kum 24:6). Ukichukua cherehani ya mjane aliyeishi kwa kushona sare za shule, umeondoka na deni pamoja na uwezo wake wa kulilipa. Hata kwa hesabu ya kibiashara tu, sijui ni akili gani hiyo.

Jibu linalosikika mara kwa mara ni kwamba biashara ni biashara, na kwamba mhusika hutoa zaka kwa uaminifu. Jibu hilo linaonesha jinsi utume wa mfanyabiashara Mkatoliki ulivyopunguzwa katika fikra zetu ukawa ufadhili: ananunua mabati, anagharimia chakula cha Somo wa Parokia, anapewa kiti cha mbele. Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukufundisha hivyo. Hati yake juu ya utume wa walei, Apostolicam Actuositatem ya mwaka 1965, inawakabidhi walei kazi ya kuyatengeneza upya malimwengu kwa roho ya Injili, humohumo wanamofanya kazi. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikubali kwamba faida ni dalili halali ya biashara inayokwenda vizuri. Ila akaonya kuwa vitabu vya hesabu vinaweza kuwa safi huku watu wakidhalilishwa.

Je, basi Mkatoliki aache kukopesha? Historia ya Kanisa inatoa jibu tofauti. Katika karne ya 15 maskini wa miji ya Italia walikuwa wakibanwa na riba kubwa. Wafransisko hawakuridhika na kuhubiri tu. Walihamasisha kuanzishwa kwa nyumba za mikopo zilizoitwa Monti di Pietà, na ile ya Perugia ilianza mwaka 1462. Maskini aliweka rehani, akapata fedha kwa tozo ndogo. Wanateolojia wengine waliwapinga vikali wakisema tozo yoyote ni riba haramu, mpaka mwaka 1515 Papa Leo X, katika Mtaguso wa Tano wa Laterani, alipohalalisha tozo ya kufidia gharama za uendeshaji. Historia hiyo ina doa zito, kwa kuwa baadhi ya wahubiri wake waliwachochea watu dhidi ya Wayahudi. Hata hivyo jambo moja ndani yake linatuhusu leo: dawa ya mkopo mbaya ilikuwa mkopo mwema, wenye ofisi, daftari na mtu wa kuusimamia.

Na mkopo mwema una gharama. Mikopo midogo ni ghali kuihudumia, na wapo wakopaji wanaohama mtaa usiku, tusimwonee mkopeshaji. Lakini anaweza kumwandikia mteja kwa Kiswahili, kwa shilingi na si kwa asilimia pekee, jumla atakayolipa. Anaweza kukataa kupokea chombo cha kazi kuwa dhamana. Anaweza kumpangia mkulima marejesho baada ya mavuno. Atapata faida ndogo kuliko jirani yake, pengine atapoteza wateja wanaotaka fedha ndani ya dakika tano, na hakuna atakayesoma jina lake kanisani kwa ajili hiyo. Huo ndio utume wake, sawa na wa katekista anayepanda baiskeli kwenda kigango. Vikundi vya VICOBA na SACCOS katika parokia zetu vina nafasi yao hapa, maana riba hubaki kwa wanachama. Ila navyo, pale viongozi wanapojikopesha kwanza, havina tofauti kubwa na ofisi za mtaani.

Inabaki sehemu ya Halmashauri za Walei na Kamati za Fedha, ambazo hupokea bahasha bila kuuliza. Zakeo (Lk 19:1-10) hakuahidi mchango wa ukarabati wa Hekalu. Aliahidi nusu ya mali kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Mkopeshaji anayetaka kuchangia ujenzi anaweza kuombwa, kwa upole na faraghani, afungue kwanza stoo yake na kurudisha vyombo vya kazi kwa wenyewe. Majina na namba za simu anazo daftarini.