Gari la familia: kuliuza mwenyewe au kuliacha yadi?

Ada ya Januari haisubiri mtu. Ndiyo maana kuelekea mwisho wa mwaka si ajabu kuona karatasi yenye neno INAUZWA kwenye kioo cha nyuma cha Probox, Fielder au Wingroad. Haya ndiyo magari ya familia nyingi: ya petroli, yenye buti refu linalobeba mabegi ya shule, gunia la mkaa na mizigo ya shangazi aliyetoka mkoani.

Mzazi anayetaka kuachana na gari la aina hiyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta mnunuzi na kuliuza mwenyewe. Ya pili ni kulipeleka yadi, kuliacha pale, kuongeza pesa na kuondoka na jingine. Mjadala huishia kwenye bei: yadi wanapunja, mtu binafsi analipa vizuri. Kuna ukweli hapo. Lakini kabla ya bei, familia ina swali la kujiuliza: inahitaji pesa, au inahitaji gari jingine?

Yadi haitoi ada ya shule. Mara nyingi inatoa gari na kudai nyongeza. Familia inayotaka kulipia masomo au kumaliza deni la kikoba, ikiingia yadi, inaweza kutoka na gari zuri zaidi na mfuko mtupu zaidi. Hiyo haina budi kuuza kwa pesa taslimu. Familia inayotaka kubadilisha gari tu, na nyongeza imeshawekwa benki, ndiyo yenye sababu ya kulinganisha njia zote mbili.

<b>Hesabu ya yadi</b>

Tuseme yadi inalithamini gari la zamani kwa milioni 12, na gari linalotamaniwa linauzwa milioni 26. Nyongeza ni milioni 14. Mzazi anafurahi, maana jirani alimwambia gari lake halifiki hata milioni 11. Lakini yadi hiyohiyo ikiulizwa bei ya mwisho kwa mteja wa pesa taslimu asiyeleta gari lolote, huenda ikasema milioni 24. Hapo ukweli unajitokeza. Gari la zamani limechukuliwa kwa milioni 10, na zile mbili zimeongezwa juu ya gari jipya.

Kwa hiyo bei ya taslimu iulizwe kwanza, gari la zamani litajwe baadaye. Thamani ambayo yadi inalipa kweli ni bei hiyo ya taslimu ukitoa nyongeza.

<b>Hesabu ya kuuza mwenyewe</b>

Tuseme mtu binafsi yuko tayari kutoa milioni 12 kwa gari hilohilo. Tofauti na yadi ni milioni 2. Lakini dalali anataka chake, tuseme laki 5. Fundi anabadilisha bushi na kuziba mvujo wa oili, laki 3. Gari likishauzwa na jingine halijapatikana, bajaji za kupeleka watoto shule na kwenda kazini zinakula laki 4. Kinachobaki ni laki 8.

Laki 8 ni pesa. Kwa nyumba moja ni malipo ya muhula, na inastahili wiki kadhaa za kupokea simu za watu wanaouliza “bei ya mwisho bosi?” bila nia ya kuja. Kwa nyumba ambayo baba yuko safarini na mama anatoka kazini saa mbili usiku, huenda usumbufu ukazidi faida.

Magari haya yana bahati moja: wanunuzi wake si wazazi peke yao. Mwenye duka anayefuata bidhaa Kariakoo analitaka buti lilelile, na vipuri vinapatikana kirahisi. Injini ndiyo huamua bei. Moshi wa bluu ni dalili kwamba gari linaunguza oili, na mnunuzi makini huja na fundi wake. Muuzaji akitaja kasoro mapema, bei hushuka kidogo. Akiificha, fundi akaigundua, mnunuzi huanza kutilia shaka kila kitu. Gari lenye ugonjwa mkubwa wa injini lina sababu nzuri ya kwenda yadi, ambako watu wamezoea kulikata bei na kulitengeneza wenyewe.

<b>Bei ya chini ikubaliwe na wawili</b>

Kadi inaweza kuwa na jina la baba, lakini marejesho ya mkopo yalitoka kwenye mshahara wa mama. Kwa hiyo kabla ya simu ya kwanza kuita, mume na mke wakubaliane kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake. Mnunuzi akija na pesa mkononi Jumamosi asubuhi, mazungumzo yawe mafupi:

“Mume wangu, huyu jamaa anatoa kumi na moja, yuko hapa getini.”

“Tulisema kumi na moja na nusu, mke wangu. Mwambie akaongeze.”

Gari likiuzwa bila makubaliano hayo, lawama hukaa ndani ya nyumba muda mrefu baada ya gari kuondoka.

<b>Jina lihame na gari</b>

Faini za barabarani na madeni ya maegesho hufuata namba ya gari. Likigonga mtu, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi. Kwa hiyo mkataba uandikwe mbele ya wakili, ukitaja tarehe na saa ya makabidhiano, na umiliki uhamishwe TRA. Pande zote mbili ziwe na TIN, na ieleweke mapema nani analipa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Madeni ya nyuma yakaguliwe kabla. Hata yadi ikiomba kadi ibaki na jina la zamani hadi mteja mpya apatikane, jibu ni hapana.

Malipo yafanyike ndani ya benki, mchana. Ujumbe wa simu unaosema pesa imeingia si pesa. Salio ndilo la kuangaliwa. Anayetaka kulijaribu gari asiachiwe ufunguo aende peke yake. Kampuni ya bima iarifiwe, hasa kama ni bima kubwa. Kiti cha mtoto, stika ya shule na kadi ya kliniki iliyosahaulika kwenye dashibodi vitolewe. Watoto nao waambiwe mapema, wasirudi shuleni wakakuta sehemu ya kuegesha iko tupu.

Familia yenye gari zima na wiki sita mkononi iuze yenyewe. Yenye gari lenye moshi na nyongeza iko tayari, iende yadi. Ile inayotegemea gari kulipa ada ya Januari ibandike karatasi yake Septemba, kwa sababu mnunuzi wa mwisho wa Desemba anajua vizuri kwamba muuzaji ana haraka.