Nyuzi za Mabaki na Barabara ya Mbarara

Mfumi asiye na fedha za kununua nyuzi mpya huanza na mabaki: ncha za sufu, vipande vya uzi wa pamba, hata sweta kuukuu lililofumuliwa. Huviunga, akatanda mtande wa nyuzi imara, kisha akapitisha mshindio wa rangi yoyote aliyobahatika kuipata. Ndiyo maana skafu zake mbili hazifanani, na pengine hilo ndilo limvutalo mnunuzi.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958, kazi ya namna hii si mchezo wa kupitisha wakati. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwakatia msaada wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda. Kwa Mkongo au Mrundi aliyeondolewa katika orodha, skafu ni unga wa watoto.

Lakini soko lenye fedha liko Mbarara, na mitumba ya bei ndogo imekwisha kutangulia huko. Tena njiani yupo askari. Yafaa ifahamike wazi kwamba Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humpa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kazi na uhuru wa kusafiri nchini, kwa masharti yaliyowekwa kisheria. Kumkagua ni wajibu wa askari. Kumweka kizuizini mwenye hati halali hadi soko lifungwe, au kumdai skafu tatu ziwe "chai", ni kumnyang'anya jasho la siku nyingi, hali yeye hakuvunja sheria yoyote.