Majina ya Wales: Kila Mtu Mwana wa Fulani

Ndugu msomaji, bila shaka umelisikia jina la Stanley, yule mwandishi wa gazeti la Marekani aliyemkuta Dakta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Watoto wetu hulisoma darasani. Lakini Stanley hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Denbigh, nchini Wales, na kitabu cha kanisa kikamwandika John Rowlands, mwana wa haramu. Mama yake akiitwa Elizabeth Parry. Jina la Stanley alilichukua baadaye huko New Orleans, kwa mfanyabiashara mmoja. Juma hili tutayaacha mengine ya mtu huyo, mema na maovu, tuyatazame majina mawili ya kwao, Rowlands na Parry; maana ndani yake imo historia ya taifa zima.

Wales ni nchi ndogo ya milima, inayopakana na Uingereza kwa upande wa magharibi. Wenyeji wake wana lugha yao, Kiwelisi, ambayo ni mbali kabisa na Kiingereza. Hapo kale Mwelisi hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina lake, kisha jina la baba yake, na katikati neno "ap", lililotokana na "mab", yaani mwana. Likitangulia irabu husemwa "ab". Kwa mwanamke waliweka neno "ferch". Msomaji wa pwani atatambua mara moja kwamba hizi ndizo bin na binti zetu.

Tuchukue mfano. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala mashuhuri wa Wales aliyeuawa mwaka 1282 akipigana na Waingereza, alikuwa Llywelyn mwana wa Gruffudd. Binti yake wa pekee aliitwa Gwenllian ferch Llywelyn. Jina la Gruffudd, babu yake, halikumfuata tena. Kila kizazi kilianza upya na baba yake. Tena mwanamke alipoolewa hakulazimika kulitupa jina la baba yake na kuvaa la mumewe.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba utaratibu huo ulikuwa wa ovyo. Kwa mujibu wa sheria za kale za Wales, ambazo husemwa zilikusanywa na mfalme Hywel Dda katika karne ya 10, ardhi ya baba iligawanywa sawa kwa wanawe, na mtu akiua, jamaa zake wa mbali na wa karibu walichangia fidia. Asiyewajua babu zake aliweza kupoteza shamba. Ndiyo maana padri mmoja, Gerald wa Wales, akiandika yapata mwaka 1194, alisema kwamba hata watu wa kawaida waliweza kuwataja wazee wao mpaka kizazi cha sita au cha saba. Je, ni wangapi kati yetu leo tunaoweza kumtaja hata baba wa babu?

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1485, Henry Tudor alipotwaa ufalme wa Uingereza. Ajabu ni kwamba mfalme huyo mwenyewe alikuwa na asili ya Wales. Babu yake aliitwa Owain ap Maredudd ap Tudur; Waingereza wakalishika jina la mwisho, wakaliandika Tudor, likawa jina la wafalme. Mwanawe, Henry wa Nane, ndiye aliyepitisha sheria za mwaka 1536 na 1543 zilizoiunganisha Wales na Uingereza. Kiingereza kikawa lugha ya mahakama, na asiyekijua hakupewa cheo. Mwaka 1538 nayo makanisa yakaamriwa kuweka vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi.

Hapo ndipo karani aliposhika kalamu. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja wa serikali, akisikiliza majina ya wazee wa baraza yakisomwa mahakamani, alichoshwa na mlolongo wa ap baada ya ap, akaamuru kila mmoja abaki na jina moja tu la mwisho, au la makazi yake. Thomas ap Richard ap Hywel ap Ieuan Fychan akatoka hapo akiwa Thomas Mostyn, kwa jina la shamba lake. Makabaila ndio waliotangulia kufuata desturi hiyo, maana walitaka kukubalika kwa Waingereza. Wakulima na wachunga kondoo walibaki na ap zao muda mrefu. Sehemu nyingine za kaskazini na magharibi mpaka mwanzo wa karne ya 19.

Majina mapya yalipatikana kwa njia tatu hasa. Ya kwanza, neno ap lilimezwa na jina la baba. Ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ap Huw akawa Pugh, ab Owain akawa Bowen, na ap Harri akawa Parry. Ndilo jina la mama yake Stanley.

Ya pili, jina la baba liliongezewa herufi "s" ya Kiingereza, yenye maana ya "wa". Wa John akawa Jones, wa David akawa Davies, wa Evan akawa Evans, na wa Rowland akawa Rowlands. Ya tatu ni sifa za mtu: Lloyd hutokana na neno la rangi ya kijivu, Gough ni mwekundu, Vaughan ni mdogo.

Kwa bahati mbaya, wakati majina yalipokuwa yakikazwa, wazazi wengi walikuwa wamekwisha acha majina ya kale na kushika machache tu, kama vile John, David, William na Thomas. Basi taifa zima likajikuta na majina ya kuhesabika. Jones likawa la kwanza kwa wingi, ingawa herufi J haimo katika alfabeti ya asili ya Kiwelisi! Mwaka 2006 watu 1,224 wenye jina hilo walikusanyika ukumbini Cardiff, wakaweka rekodi ya dunia. Wafanyakazi na majirani ikawabidi kutafuta dawa yao wenyewe: Jones wa Maziwa, Evans wa Mkate. Mtu akarudi kutambuliwa kwa kazi yake na watu wanaomjua, wala si kwa kitabu cha karani.

Hata hivyo, jina lililokatwa halikumzuia mtu kuwa mtu. Aneurin Bevan, aliyeingia mgodi wa makaa ya mawe akiwa kijana wa miaka 13, ndiye waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa ya Uingereza mwaka 1948, na maskini akatibiwa bila kumlipa daktari. Bevan ni ab Evan, mwana wa Evan. Katika karne ya 20, pamoja na juhudi za kuihuisha lugha yao, baadhi ya Wawelisi walianza tena kuwaita watoto wao kwa ap na ferch.

Na Stanley? Mtoto huyo hakulelewa na baba. Alikulia katika nyumba ya maskini huko St Asaph, amebeba jina lenye maana ya "wa Rowland". Pengine ndiyo maana alilitupa. Jina la baba bila baba ni mzigo mzito kwa mtoto.

Hilo ndilo fundisho letu wazazi. Karani huandika jina, lakini kuliteremsha kwa watoto pamoja na habari zake ni kazi ya nyumbani. Leo Jumapili, mkiwa pamoja baada ya chakula, watajie watoto wako babu na bibi zao, wa kuumeni na wa kukeni, mpaka unapofika. Ukikwama, mwulize mzee aliye karibu, nawe usingoje kesho.